Timu ya Vijana Isipimwe kwa Sifa

Kila msimu wa michezo unapokaribia, kuna swali ambalo husikika vijiweni, maofisini na ndani ya daladala: mwaka huu vijana wetu watafika wapi? Mara nyingi anayeuliza huwa amekwisha kuwa na jibu lake. Akiwa mpenzi wa timu hiyo, jibu ni ubingwa. Akiwa mpinzani, jibu ni kwamba hao bado watoto, wakanywe uji kwanza. Katika mazungumzo yetu ya leo nataka tulitazame swali hilo kwa utulivu. Timu iliyojaa vijana wenye vipaji, ambao hawajashinda kitu, tuipe nafasi gani kabla kipenga cha kwanza hakijapulizwa?

Nimeamua kutumia mfano wa mchezo ambao wengi wetu hatuna ushabiki nao, nao ni besiboli ya Marekani. Sababu yangu ni nyepesi. Nikichukua mfano wa Simba, nusu ya wasikilizaji watafunga redio. Nikichukua wa Yanga, nusu iliyobaki nayo itafunga. Besiboli itatuwezesha kupima mambo bila hasira, kisha tukirudi nyumbani kila mmoja atatumia mizani hiyo kwa timu aipendayo.

Hata hivyo, mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu. Waliosoma Kenya wanaujua mchezo wa raundasi unaochezwa mashuleni, hasa na wasichana, nao ni ndugu wa besiboli. Uganda ilipeleka vijana wa Lugazi huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto ya Little League. Hapa Tanzania nako, kwa juhudi za marafiki wa Kijapani, baadhi ya shule za sekondari zimekwisha kuanza kuucheza.

Kwa ufupi, mrushaji wa timu moja hurusha mpira, na mpigaji wa timu ya pili, akiwa na gongo mkononi, hujaribu kuupiga. Akifaulu hukimbia kupitia vituo vitatu na kurudi mahali alipoanzia. Akirudi salama, timu yake imepata mkimbio mmoja, na mikimbio ndiyo magoli yao. Ligi kuu ya huko ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 tangu mwisho wa mwezi Machi hadi mwisho wa Septemba. Kwa wingi huo wa mechi, hata timu bora mara nyingi hupoteza 60 au zaidi. Kwa hiyo bahati ya siku moja haiwezi kumficha mtu kwa msimu mzima. Ndiyo maana nimeona mchezo huu unafaa kwa kupimia.

Timu ninayotaka tuiangalie ni Orioles ya Baltimore, mji wa bandari katika jimbo la Maryland. Mwaka 2018 timu hii ilipoteza mechi 115 kati ya 162. Mwishoni mwa mwaka huo wenye timu walimwajiri Mike Elias kuwa mkuu wa shughuli za wachezaji, na ikaamuliwa kwamba timu ijengwe upya kwa vijana. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Mwaka 2019 walipoteza mechi 108. Mwaka 2021 walipoteza 110, na katika mwezi wa Agosti walifungwa mara 19 mfululizo. Fikiria, ndugu msikilizaji, ingekuwa timu yako imefungwa mara 19 mfululizo. Sijui kama paa la klabu lingebaki.

Lakini kulikuwa na hesabu katika kushindwa huko. Kwa taratibu za wakati ule, timu iliyoshika mkia ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wapya wanaotoka mashuleni na vyuoni. Kwa njia hiyo Orioles walimchukua mdakaji Adley Rutschman mwaka 2019, akiwa chaguo la kwanza nchi nzima. Mwaka 2022 walimchukua Jackson Holliday, naye akiwa chaguo la kwanza. Katikati yao walikusanya vijana wengine, akiwemo Gunnar Henderson, ambaye mwaka 2023 alitajwa kuwa mchezaji bora chipukizi wa American League.

Matokeo yalionekana. Mwaka 2022, Rutschman alipoingizwa timu ya kwanza mwezi Mei, Orioles walikuwa wameshinda mechi 16 na kupoteza 24. Kuanzia hapo walishinda 67 na kupoteza 55. Mwaka 2023 walishinda 101 na kuongoza kundi lao la Mashariki, ambalo wengi hulihesabu kuwa gumu kuliko yote. Kocha wao Brandon Hyde akapewa tuzo ya kocha bora wa American League.

Je, baada ya hapo wewe ungewapa nafasi gani? Bila shaka ungesema ubingwa uko mlangoni, na si wewe peke yako. Wachambuzi wengi wa huko walisema hivyo hivyo. Sasa sikiliza yaliyofuata. Katika mtoano wa 2023 walifungwa mechi tatu kwa bila na Texas Rangers, ambao hatimaye ndio waliotwaa ubingwa. Mwaka 2024 walishinda 91, lakini katika mtoano wakafungwa mbili kwa bila na Kansas City Royals. Mwaka 2025 walishinda 75, wakapoteza 87, na wakashika mkia katika kundi lao la timu tano. Kocha yule wa tuzo alifukuzwa mwezi Mei 2025, timu ikiwa imeshinda mechi 15 tu na kupoteza 28.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mimi sidhani kwamba vijana wale walilitia maji tembo kwa makusudi. Nadhani sisi wapimaji ndio tuliotumia kibaba kibovu. Hebu tuangalie ni mambo gani yangeweza kuonekana mapema.

Jambo la kwanza ni kwamba ushindi peke yake haupimi nguvu ya timu. Huko Marekani alitokea mtaalamu wa takwimu za mchezo huo, Bill James, aliyegundua kwamba ukitaka kujua uwezo wa timu, tazama mikimbio iliyopata na mikimbio iliyopoteza. Mwaka 2022 Orioles walipata mikimbio 674 na kupoteza 688, yaani walifungwa zaidi ya walivyofunga, lakini wakamaliza msimu wakiwa na ushindi zaidi ya nusu. Mwaka 2023 walipata 807 na kupoteza 678. Kwa kanuni ya Bill James, timu ya namna hiyo ilistahili ushindi wa karibu mechi 95. Wao walipata 101. Timu ya ushindi 95 ni timu nzuri, wala sikatai, lakini si ile iliyosimuliwa mitaani. Hata kwetu tunazijua timu zinazoshinda bao moja kwa bila wiki baada ya wiki, tena kwa penalti ya dakika ya mwisho. Msimamo wa ligi huziweka juu, lakini mwenye macho anajua deni linakuja.

Jambo la pili ni kwamba kijana hapandi kama mtu apandaye ngazi, hatua moja kila mwaka. Kijana hupanda kama mtu apandaye mnazi siku ya mvua. Mara ameparamia, mara ameteleza. Holliday ni mtoto wa Matt Holliday, mchezaji mashuhuri wa zamani, na alisifiwa kabla hajaanza kunyoa ndevu. Aliingizwa timu ya kwanza mwezi Aprili 2024 akiwa na umri wa miaka 20. Katika majaribio yake rasmi 34 ya kwanza ya kupiga mpira, alifaulu mara mbili tu. Akarudishwa timu ya chini kule Norfolk akajifunze zaidi, na baadaye mwaka huo huo akaitwa tena. Rutschman, aliyekuwa nguzo, alipoa katika nusu ya pili ya msimu wa 2024, na mwaka 2025 akaandamwa na majeraha. Henderson kwa upande wake aliendelea kupanda, na mwaka 2024 aliupiga mpira nje ya uwanja mara 37. Vijana watatu wa timu moja, walimu wale wale, njia tatu tofauti. Anayetabiri kwamba wote watapanda pamoja kwa mwaka mmoja, huyo anaomba muujiza.

Jambo la tatu, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni swali la nani atasimama mmoja akianguka. Katika besiboli mrushaji ndiye roho ya timu, na mkono wa mrushaji ni kitu dhaifu. Félix Bautista, aliyekuwa akifunga mechi za Orioles, aliumia kiwiko mwezi Agosti 2023 akakosa msimu mzima wa 2024. Kyle Bradish naye alipasuliwa kiwiko mwezi Juni 2024. Viongozi walikuwa wamemleta mrushaji hodari Corbin Burnes mwanzoni mwa mwaka huo, akafanya kazi nzuri, na msimu ulipokwisha akaondoka zake kwenda Arizona. Kwa msimu wa 2025 nafasi ile wakaijaza kwa wazee wawili, Charlie Morton wa miaka 41, na Tomoyuki Sugano kutoka Japani, wa miaka 35, ambaye hakuwa amewahi kucheza ligi ya Marekani. Kijana waliyemtegemea, Grayson Rodriguez, hakurusha hata mpira mmoja katika ligi msimu ule kwa sababu ya majeraha. Nyumba ilikuwa na paa zuri, lakini nguzo zilikuwa za kuazima.

Sasa pengine msikilizaji utaniambia, wewe bwana unataka kutukatisha tamaa, kumbe vijana hawafai. La hasha. Zipo timu za vijana zilizofanya maajabu, na ni vizuri tuone zilifanyaje.

Mwaka 1968 timu ya New York Mets ilipoteza mechi 89. Mwaka uliofuata ilishinda 100, ikiongozwa na mrushaji Tom Seaver, kijana wa miaka 24, chini ya kocha Gil Hodges, na ikatwaa ubingwa wa 1969. Waliowafunga katika fainali ni hao hao Orioles wa Baltimore, ambao wakati huo walikuwa timu iliyokomaa na walikuwa wameshinda mechi 109 msimu ule.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Ni timu ya Tampa Bay Rays. Tangu ilipoanza kucheza ligi kuu mwaka 1998 haikuwa imewahi kumaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko kushindwa. Mwaka 2007 ilipoteza mechi 96. Mwaka 2008 ikashinda 97, ikaongoza kundi la Mashariki, ikafika fainali na kufungwa na Philadelphia Phillies. Wengi walidhani ni kwa sababu vijana walipiga sana mpira, akiwemo Evan Longoria wa miaka 22. Lakini tazama hesabu. Mwaka 2007 walipata mikimbio 782. Mwaka 2008 walipata 774, yaani walipungukiwa. Kilichobadilika ni mikimbio waliyopoteza, iliyoshuka kutoka 944 hadi 671. Kabla ya msimu viongozi walikubali kumwachia kijana mpigaji aliyekuwa akisifiwa sana, Delmon Young, aende Minnesota, na wao wakapata mrushaji Matt Garza na mdakaji wa katikati Jason Bartlett. Walitoa sifa wakanunua ulinzi. Hiyo ndiyo alama ambayo mpimaji makini angeiona mwezi Machi, hata kabla ya mechi ya kwanza.

Ndugu msikilizaji, sasa turudi nyumbani. Timu yetu ya Taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikwenda Gabon mwaka 2017 katika fainali za Afrika. Ilitoka suluhu na Mali, ikaifunga Angola mabao mawili kwa moja, ikafungwa na Niger bao moja kwa bila. Ililingana pointi na Niger, ikakosa nusu fainali, na pamoja nayo ikakosa Kombe la Dunia la vijana. Mabao ya kufunga mawili, ya kufungwa mawili. Mwaka 2019 mashindano hayo yakaletwa hapa Dar es Salaam. Matumaini yalikuwa makubwa, na nadhani wote tunayakumbuka. Vijana walifungwa na Nigeria mabao matano kwa manne, wakafungwa na Uganda matatu kwa bila, na Angola manne kwa mawili. Walifunga sita, wakafungwa kumi na mawili.

Kuifunga Nigeria mabao manne si kazi ya timu isiyo na vipaji. Lakini ni wangapi kati yetu, kabla ya mashindano yale, waliouliza habari za walinzi? Tulizungumzia washambuliaji, tulizungumzia uwanja wa nyumbani, tulizungumzia bendera. Mashindano yalipokwisha, lawama zikawaangukia watoto wa miaka 16 na 17. Leo ukisimama Kariakoo ukamwuliza mpita njia akutajie wachezaji watatu wa kikosi kile, nina shaka kama atafika wawili. Hapo ndipo ninapoona ubaya wa kupima vibaya. Utabiri mbovu wa mshabiki hauishii kwenye kijiwe. Humfikia kijana uwanjani, ukamwekea mabegani mzigo ambao hata mtu mzima angeuyumbia, na akianguka tunasema hakuwa na kitu.

Liko na suala la viongozi. Wapo wanaosema kwamba njia ya Baltimore ni nzuri: shindwa kwa miaka mitatu au minne, kusanya vijana, kisha utawale. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mtu wa Baltimore aliyenunua tiketi mwaka 2019 na 2021 aliuziwa timu ambayo wenyewe walijua haitashinda. Ligi yenyewe iliona ubaya huo, na katika makubaliano ya mwaka 2022 ikaweka bahati nasibu kwa nafasi sita za mwanzo za kuchagua vijana, ili kushika mkia kusiwe tena hakika ya zawadi. Isitoshe, kijana anayekulia katika timu inayofungwa kila siku bila kuwa na mzee wa kumshika mkono hujifunza kazi bila mwalimu. Mwishoni mwa 2025 Orioles wenyewe walilikiri hilo kwa vitendo. Walimwajiri kocha mpya, Craig Albernaz, na wakamsajili mpigaji mzoefu Pete Alonso wa miaka 31 kwa mkataba wa miaka mitano. Ni dalili njema. Hata hivyo, kwa mizani tuliyoitumia leo, mpigaji mmoja mkomavu hajibu swali la nguzo. Kwa msimu wowote ule, mimi nitaiweka timu ile miongoni mwa wagombea siku nitakapoona warushaji watano wazima na wengine wawili wanaosubiri nje.

Basi, msimu ukikaribia na mtu akakuuliza habari za timu yako ya vijana, iwe ya ligi kuu, ya wilaya au ya mtaa, nakushauri ujiulize mambo manne. Msimu uliopita ilifungwa mangapi, achilia mbali ilishinda ngapi? Kijana anayetegemewa akipoa kwa miezi miwili, ni nani atabeba? Akiumia mlinzi au kipa, aliye benchi ni nani na amecheza mechi ngapi? Na je, viongozi wamekubali kumvumilia kocha mpaka lini, maana mti unaong'olewa kila mwezi ili kutazamwa mizizi haukui?

Ukipata majibu mazuri kwa maswali matatu kati ya hayo manne, ipe timu yako nafasi, tena uiseme hadharani bila woga. Ukipata moja tu, wapende vijana wako, nenda uwanjani ukawashangilie, lakini usiwatangazie ubingwa. Kumwambia kijana ukweli wa uwezo wake kabla ya msimu ni heshima kwake. Kumsifu leo na kumzomea kesho ni kumfundisha kwamba watu wazima hawana neno moja.